Nyegezi Si Stendi Tu: Mwongozo Kamili kwa Mzazi Ambaye Mtoto Wake Anaimba Asichokijua

Mwishoni mwa mwaka 2018 binti yangu alikuwa na miaka 9. Jioni moja alikaa juu ya mbuzi akikuna nazi, huku akiimba kibwagizo ambacho kila daladala la mjini kwetu lilikuwa likikipiga. Bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alikuwa pembeni akichambua mchele, mkono ukasimama juu ya ungo, akamuuliza: "Mjukuu wangu, Nyegezi ni nini?" Mtoto akajibu bila wasiwasi kuwa ni stendi ya mabasi, iko Mwanza. Bibi akanigeukia mimi. "Haya, mama mtu, mweleze mwanao."

Sikumweleza. Nilimwambia anyamaze, akanyamaza, na wiki nzima iliyofuata akawa anauvumisha puani.

Wimbo wenyewe ulikuwa "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz, ambao Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, liliufungia Novemba mwaka huo. Desemba wasanii hao wawili walisimamishwa kufanya maonyesho baada ya kuuimba jukwaani, na Januari 2019 wakafunguliwa. Kwa jibu lake mtoto hakukosea, kwa kuwa Nyegezi ni mahali na stendi ipo. Lakini jina hilo likikatwa panapokatwa na wimbo, linabeba neno ambalo kila mtu mzima anayesema Kiswahili analisikia papo hapo. Huo ndio ugumu wa mzazi wa Kiswahili, kwamba tusi letu mara chache huja likiwa uchi. Huja limevaa jina la kituo, la tunda, la chombo cha jikoni au la fundi na kazi yake. Mashine ya kuchuja nyimbo hailioni, mtoto halioni, unaliona wewe peke yako. Kwa hiyo hatua zinazofuata zinamtegemea mzazi kwanza, na simu baadaye.

Hatua ya kwanza: Rudi kwenye wimbo wa ujana wako

Kabla hujamgusa mtoto, chukua karatasi na uandike jina la wimbo mmoja ulioupenda ukiwa na miaka 12 ambao wazazi wako hawakuupenda. Chini yake andika ulichodhani unamaanisha wakati huo, kisha unachojua sasa kuwa unamaanisha. Karatasi hiyo itunze, utaihitaji katika mazungumzo.

Zoezi hili si la kujichekesha. Sisi tuliokulia miaka ya 1990 tulikariri mipasho kabla hatujavunja ungo. Ulikuwa wakati wa vikundi vya taarabu vya Tanzania One Theatre na Muungano, wakati watu waligawanyika kati ya Khadija Kopa na Nasma Khamis kama wanavyogawanyika kwa Simba na Yanga, na wazee wa taarabu asilia walilalamika kwamba nyimbo zimevuliwa nguo. Leo binti wa Khadija Kopa ndiye Zuchu, na Machi 2024 Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar lilimfungia kufanya maonyesho visiwani kwa miezi 6 kutokana na maneno na vitendo vya jukwaani katika onyesho la Kendwa. Kati ya mama na mwana ipo miongo mitatu, lakini lawama haijabadilika sana. Wala si ya pwani peke yake: Franco Luambo, mwanamuziki wa rumba wa Kongo ambaye wazee wetu walimcheza kwa suti na adabu zao zote, alitiwa gerezani Zaire mwaka 1978 kwa sababu ya nyimbo zilizohesabiwa kuwa za matusi.

Ukirudi nyuma zaidi, unakuta nyimbo kali kuliko zote. Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, dunia ilimjua kwa taarabu, lakini wanawake wa Unguja walimjua pia kwa unyago na ngoma yake ya msondo. Nyimbo za unyago hutaja viungo vya mwili na kazi zake kwa namna ambayo hakuna redio ingethubutu kuirusha. Mama yangu aliyeacha mkono juu ya ungo anazijua zote. Tofauti ni kwamba nyimbo zile zilikuwa na mlango. Aliyeingia ni mwari aliyekwisha kukua, wanaume hawakuwamo, watoto hawakuwamo, na pembeni ya kila wimbo alikuwapo somo au kungwi aliyeeleza maana yake na wakati wa kuitumia. Wimbo na maelezo vilikwenda pamoja.

Kilichopotea kati ya bibi na mjukuu, kwa maoni yangu, si adabu ya maneno. Ni mlango huo. Simu haiulizi kama mwari amekua, na wala haileti kungwi. Mzazi anayeanza kwa kusema "nyimbo za siku hizi ni chafu" ameanza kwa jambo ambalo bibi wa nyumba anaweza kulikanusha kwa ubeti mmoja.

Hatua ya pili: Usikilize wimbo mzima, mara tatu

Wazazi wengi hukataza wimbo waliousikia kupitia ukuta. Jifungie chumbani, vaa vipokea sauti, na uusikilize hivi.

Mara ya kwanza sikiliza bila kutazama, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mtoto aliyeuokota TikTok huenda anajua sekunde 15 tu za kibwagizo, na mara nyingi kibwagizo ndicho sehemu safi kuliko zote, ubeti wa pili ndio wenye mambo. Kinyume chake pia hutokea, kwamba kibwagizo kinatisha lakini wimbo mzima ni wa mtu anayeachwa na mpenzi wake na kulia.

Mara ya pili sikiliza ukiwa na mashairi yaliyoandikwa mbele yako. Yapo mtandaoni kwa nyimbo nyingi maarufu, ingawa kwa za Kiswahili huandikwa kwa makosa, na makosa yenyewe huficha fumbo. Neno usilolijua liandike. Kisha muulize kijana mtu mzima, kinyozi au msusi wa saluni ndiye bora, wala usianze na mtoto mwenyewe, kwa sababu ukimuuliza yeye umemwonyesha mahali pa kuchimba. Lugha ya mtaani na Sheng hubadilika upesi. Mwaka 2019, gengetone, muziki wa vijana wa mitaani unaoimbwa kwa Sheng, ilipotawala Nairobi, kuna mwitikio wa ngono uliogeuka salamu, ukaitikiwa na watoto wa shule ya msingi kama wanaoitikia "shikamoo", na walimu wengi hawakujua walichokuwa wakiitikiwa.

Mara ya tatu tazama video ukiwa umezima sauti. Macho ya mtoto huchukua zaidi ya masikio yake, na kuna nyimbo ambazo maneno yake yanaweza kuimbwa kwenye kitchen party mbele ya mama mkwe, ila video yake haifai sebuleni.

Hatua ya tatu: Pambanua unachokikataa

Hapa ndipo ninapowaomba wazazi wakae kwa muda mrefu, kwa sababu neno "matusi" tunalitumia kufunika mambo ambayo hayalingani.

Kuna fumbo la mapenzi, ambalo ni urithi wa ushairi wetu, na mtoto asiyelijua hupita juu yake kama anavyopita juu ya methali asiyoielewa. Kuna tusi la wazi, ambalo atalirudia darasani na kukuletea barua kutoka shuleni. Kuna kusifia pombe, bangi au fedha za haraka. Na kuna wimbo unaofanya kumlazimisha mwanamke kuwa mzaha. Mimi huyapanga kwa ukali kinyume cha wazazi wengi ninaowajua: fumbo la mapenzi silipigii kelele nyingi, lakini wimbo wa aina hii ya mwisho hauingii nyumbani kwangu hata kama hauna neno moja la kuona haya. Mwaka 2019 kundi la Ethic la Nairobi lilishutumiwa vikali kwamba wimbo wake mmoja unashangilia ubakaji, ukaondolewa YouTube, na kundi likaomba radhi. Huo ni mfano wa kelele iliyopigwa mahali pake.

Angalia pia kama wimbo unasimulia uovu au unausifu. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, aliimba habari ya Kijiti, mwanamume aliyembaka na kumuua mwanamke mgeni Unguja. Ukihesabu mambo yaliyomo tu, ungeuwekea kufuli. Lakini wimbo ule unamlilia marehemu na kuilaumu mahakama, na msichana wa miaka 14 anayeusikiliza pamoja na mama yake anajifunza jambo ambalo hotuba kumi haziwezi kumfundisha. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni hili: anayeimba amesimama upande wa nani?

Andika uamuzi wako kwa maneno machache yanayoeleweka na mtoto. "Nyumbani hatupigi nyimbo zinazocheka mtu anayeumizwa" ni kanuni anayoweza kuipima mwenyewe. "Hatupigi nyimbo mbaya" humfanya asubiri hukumu yako kila wimbo mpya utokapo, na nyimbo mpya hutoka kila Ijumaa.

Hatua ya nne: Panga simu, ukijua inachokiona na isichokiona

Kando ya majina ya nyimbo fulani kwenye simu utaona herufi E ndani ya kisanduku kidogo, yaani "explicit", onyo kwamba wimbo una maneno yasiyofaa watoto. Asili yake ni Marekani. Tipper Gore, mke wa seneta Al Gore, alimnunulia bintiye wa miaka 11 albamu ya Prince iliyotoka 1984, na walipoisikiliza nyumbani wakakuta wimbo unaotaja waziwazi jambo asilolitarajia. Mwaka 1985 yeye na wake wengine wa wakubwa wa Washington waliunda kamati ya wazazi, PMRC, na tarehe 19 Septemba mwaka huo Seneti ikasikiliza hoja. Wanamuziki Frank Zappa, John Denver na Dee Snider walikwenda kuipinga kamati hiyo. Kampuni za muziki zilikubali kubandika onyo, na mwaka 1990 likawa lebo moja ya rangi nyeusi na nyeupe. Vijana wengi waliigeuza lebo hiyo kuwa tangazo: ilipobandikwa, ndiyo waliyoitafuta. Nasi tungefanya hivyohivyo.

Jambo la kushika katika historia hiyo ni kwamba onyo liliwekwa na muuzaji, si na serikali. Hata leo, kwa kawaida E huwekwa na msanii, lebo au msambazaji anayepakia wimbo. Wimbo wa Kiswahili wenye fumbo la Nyegezi unaweza kupanda bila E yoyote, kwa kuwa aliyeupakia hakuiweka na mfumo haukugundua kitu. Kwa hiyo mipangilio ifuatayo itakusaidia sana kwa nyimbo za Kiingereza na kidogo tu kwa za kwetu.

Kwenye Spotify, ingia mipangilio ya maudhui na uzime ruhusa ya nyimbo zenye E. Zitafifia na hazitapigika. Akaunti ikiwa ni ya mtoto mwenyewe, ataiwasha tena kwa kidole kimoja. Ukiwa na kifurushi cha familia ambacho wewe ndiye msimamizi wake, unaweza kuizima kwa kila mwanafamilia kutoka kwenye akaunti yako, naye hawezi kuiwasha. Kwenye iPhone, kizuizi hicho kinawekwa ndani ya sehemu ya kudhibiti muda wa matumizi, chini ya vizuizi vya maudhui, na unachagua muziki usio na E; weka namba ya siri ambayo si mwaka wako wa kuzaliwa, kwa maana huo watoto wanaujua.

Kwenye YouTube, gusa picha ya akaunti, fungua mipangilio, kisha uwashe hali yenye mipaka. Inafanya kazi kwenye kifaa kile tu ulichoiwashia, na asiyefungwa kwa akaunti inayosimamiwa anaweza kuizima. Kuna dalili rahisi: ikiwa imewashwa, maoni chini ya video hayaonekani. Ukichukua simu ukayaona maoni, ujue imezimwa. Kwa mtoto wa chini ya miaka 13, ni afadhali ufungue akaunti inayosimamiwa kwa Family Link, programu ya Google ya wazazi, na umchagulie ngazi ya maudhui. Ngazi ya chini kabisa imepangwa kwa watoto wa kuanzia miaka 9.

TikTok ina namna ya kuunganisha akaunti ya mzazi na ya kijana kwa kuchanganua msimbo kutoka simu moja hadi nyingine. Baada ya hapo unaweza kuwasha hali yenye mipaka na pia kuorodhesha maneno ambayo video zenye nayo zisimfikie. Hapa ndipo ile orodha yako ya maneno ya mtaani kutoka hatua ya pili inapopata kazi, kwani mashine isiyojua Kiswahili chetu inaweza angalau kufuata orodha ya anayekijua.

Usisahau memori kadi. Mtoto anayerushiwa nyimbo 200 kwenye kibanda cha simu hana haja ya bando wala akaunti, na hakuna mpangilio wowote kati ya hiyo niliyoitaja unaozigusa. Dawa yake ni kwenda naye kibandani na kumwambia kijana wa kibanda, mbele ya mtoto, ni folda zipi arushe.

Hatua ya tano: Nje ya mlango wako

Kwa daladala na matatu huna uwezo mkubwa, nami nisingemshauri mtu agombane na kondakta mbele ya mtoto. Kaa karibu na dereva, omba kwa upole apunguze, na akikataa zungumza na mwanao kuhusu kitu kingine.

Kwa sherehe, uwezo unao. Siku tatu kabla ya mahafali au siku ya kuzaliwa, mpe DJ orodha ya nyimbo 20 unazozitaka na 5 usizozitaka, kisha mkubaliane saa ambayo watoto wataondoka na watu wazima wataendelea. DJ mzuri hushukuru. Kwa mtaa wenye kigodoro, mzazi mmoja hafui dafu. Nenda kwa mjumbe mkiwa watatu au wanne, na mzungumzie saa na sauti kabla ya kuzungumzia maadili, kwa sababu saa na sauti hupimika.

Kwa redio na televisheni, malalamiko yana njia zake. Tanzania, maudhui ya vyombo vya utangazaji husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, na kazi za wasanii Bara husimamiwa na BASATA. Kenya, kanuni za Mamlaka ya Mawasiliano hutaka vipindi vya kuanzia saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku viwe vya kufaa familia nzima. Ukilalamika, andika jina la kituo, tarehe, saa na dakika, jina la wimbo na maneno yenyewe. Malalamiko ya "mnaharibu watoto wetu" hayafanyiwi kazi na mtu.

Hatua ya sita: Zungumza, na uchague nani azungumze

Mtoto wa chini ya miaka 7 hahitaji maana. Badilisha wimbo, usikasirike, wala usicheke. Kicheko ni kibaya kuliko hasira, kwani akijua kibwagizo kinawachekesha wageni, atakiimba kila wageni wajapo.

Kati ya miaka 8 na 12, anza kwa kumuuliza anadhani wimbo unasema nini, na usikilize jibu mpaka mwisho. Mara nyingi atakuambia ni stendi. Hapo una njia ya kweli isiyomwaga kila kitu: "Ni stendi, lakini wakubwa wanalisikia neno jingine ndani yake, neno la faragha. Ndiyo maana bibi aliacha kuchambua mchele. Ukikua zaidi nitakueleza lote." Miezi mitatu baada ya jioni ile nilimwambia binti yangu maneno yanayokaribia hayo. Aliuliza kwa nini basi wakubwa waliuweka redioni kama ni wa faragha. Nikakiri kwamba hata mimi sijui kwa nini, na naamini kukiri huko kulinisaidia kuliko maelezo.

Kuanzia miaka 13, toa ile karatasi ya hatua ya kwanza. Mpigie wimbo wako, mwambie ulichodhani na ulichokuja kukijua, kisha umwombe akupigie wake. Usikatize. Ukimaliza kusikiliza, sema kitu kimoja kizuri kuhusu wimbo, uwe ni mdundo au sauti, kabla ya kusema kinachokukera. Akikuambia "mimi nasikiliza biti tu, mama", usimwite mwongo. Mwombe akusomee ubeti wa pili kwa sauti, taratibu, kama anayesoma gazeti. Wengi huishia mstari wa tatu.

Kuna mambo ambayo mzazi hayawezi, na mila zetu zililijua hilo, ndiyo maana kazi ya kungwi hakupewa mama. Mtafutie mwanao mtu mzima mmoja wa kumuuliza maana ya neno lolote bila kugombezwa: shangazi, somo, bibi, na kwa mvulana mjomba au babu. Zungumza na mtu huyo kwanza, mkubaliane atajibu hadi wapi.

Kwetu kazi hiyo anaifanya mama yangu, na ilibidi niweke sharti moja naye. Akishika kinu akajisahau na kuanza nyimbo za msondo, wadogo watumwe dukani kununua chumvi, hata kama kopo limejaa. Nasi tulikuwa tukitumwa chumvi.